Naomba ushauri: niuze shamba la urithi Ushongo, au nijenge?

Mnazi Mkinda (mleta uzi):
Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Tanga, nimepanga vyumba viwili, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tuna shamba la minazi tulilorithi kwa babu, kama heka moja hivi kijijini Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani, kando ya bahari. Tangu ujenzi wa daraja uanze, madalali hawatuachi tupumue: aliyekuwa akitaja milioni nane sasa anataja arobaini. Niuze nipate kiwanja kidogo pembeni mwa jiji, au nisubiri bei ipande?

Fundi Ukuta:
Usiuze, mwalimu. Mimi nilikuwa nafyatua matofali hamsini kila nilipopata kibarua, nikakaa miaka mitatu na msingi ulioota majani, na leo nalala kwangu. Anza na chumba kimoja.

Mama Kilifi:
Huku kwetu pwani ya Kenya, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha wazee wengi wakiitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Nyinyi ambao bado mna ardhi mkononi, ishikeni.

Nahodha:
Mwalimu, umeandika "tuna shamba". Hao wenzako ni akina nani, na nani analala humo usiku wa leo? Je, lina hati ya hakimiliki ya kimila?

Mnazi Mkinda:
Hati haipo. Shangazi yangu ndiye anayeishi humo, na ni kweli nilipaswa kulisema mapema. Isitoshe, nimeshapokea arbuni ya milioni tatu, na sehemu yake nimelipia kodi. Mnunuzi ni mgeni kutoka nje ya nchi, na karatasi zitaandikwa kwa jina la rafiki yake Mtanzania. Sioni ubaya, kwa kuwa nimepanga kumjengea shangazi chumba, na majirani nao wanauza.

Ustadh wa Mkwaja:
Kama mirathi ya babu haijagawanywa, shangazi ni binti wa marehemu na ana fungu lake. Huwezi kuuza fungu la mwenzio kisha ukamhesabia chumba kuwa hisani.

Nahodha:
Liko na la sheria pia. Hiyo ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji isipohusika, karatasi mtakayoandikiana haitamlinda yeyote. Asiye raia hamiliki ardhi kwa kujificha nyuma ya jina la rafiki. Njia yake ni ya uwekezaji. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na huenda sehemu anayoitamani mgeni huyo ndiyo isiyojengeka.

Pweza:
Samahani, mimi siamini kisa hiki. Kila wiki dalali mmoja hujifanya mwenye shida ili asikie bei tunazotaja, kisha akazitumie kuwapandishia wengine. Mwalimu gani anapokea milioni tatu bila kumuuliza mwenyekiti wa kijiji?

Mnazi Mkinda:
Mimi si dalali. Nyumba ya shangazi ni ya udongo na makuti, upande wa kusi umeegemezwa nguzo mbili za mikoko, na kaburi la babu liko chini ya mkwaju, limezungushiwa mawe ya matumbawe ambayo shangazi huyapaka chokaa kila kabla ya Ramadhani. Mnunuzi aliuliza kama mkwaju unaweza kukatwa. Sikumjibu.

Mama Kilifi:
Na shangazi amesemaje kuhusu hiyo arbuni?

Mnazi Mkinda:
Hajui. Zimebaki milioni moja na laki nane. Jumamosi nitavuka kwa pantoni ya asubuhi nikamwambie, kisha nimtafute mnunuzi nimrudishie zilizopo, na zilizopungua tuandikishane namna ya kuzilipa.