Peugeot 404 yangu ya kufunuliwa nimeikuta imechomelewa PAA LA CARINA! Naandika huku natetemeka

Pijo_ya_Kigoma (mwanzisha uzi):

Wakuu, natoka kwa yule fundi sasa hivi. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Yule yule wa chini ya mkorosho, mwenye ovaroli ambalo halijaonja sabuni tangu enzi za Ruksa, anayekwambia "njoo kesho asubuhi uchukue" wakati hajalegeza hata nati moja. Nusu ya wenye magari ya zamani mjini hapa wameshalizwa na yule mtu. Leo zamu yangu.

Kachomelea paa.

Narudia kwa waliosoma haraka. Gari langu HALINA paa la bati. Lilitoka hivyo kiwandani. Linafunikwa kwa turubai, ukitaka upepo unalikunja nyuma. Yeye katafuta paa la Carina TI, kalipachika juu, kalichomelea kuanzia kioo cha mbele mpaka kule kwenye buti, kajaza puti debe zima, kapuliza praima ya kijivu, halafu kanisubiri anatabasamu. "Bosi, nimeona walikukatia paa, nikakuwekea. Hela ya paa utanipa yoyote."

UTANIPA YOYOTE!

Nilikuwa Mbeya wiki tatu, msiba wa baba mdogo. Hata pole ya msiba hakunipa, kaanza na hela ya paa.

Kwa wasiojua kilichofanyiwa unyama huu: Peugeot 404 za kawaida, zile walizopanda wazee wetu, zilitengenezwa zaidi ya 2,500,000. Hizi za kufunuliwa bodi zake ziliundwa na Pininfarina kule Italia miaka ya 1960, na idadi yake ni 10,000 na kidogo tu, dunia nzima. Injini na giaboksi vinaingiliana na 404 ya kawaida, ndiyo maana nilinunua mzoga mmoja Morogoro kwa ajili ya spea. Lakini bodi haiingiliani! Mlango wa ile haukai kwenye hii, bonet haikai, buti haikai. Kipande kikipotea kimepotea.

Yangu nililikuta Kigoma, uani kwa mzee mmoja, usukani kushoto kwa sababu liliingia kutoka Bujumbura. Kuku walikuwa wanataga siti ya nyuma. Sakafu ilishaliwa na kutu mpaka ukikaa unaona nyasi. Nilimsihi yule mzee miaka miwili ndipo akakubali kuniuzia. Nililipandisha kwenye Fuso, nikakaa na dereva njia nzima mpaka Dar, kila mnada nateremka kuangalia kamba. Mke wangu alisema nimeleta kabati la kutu. Sikumjibu, maana nililiona litakavyokuwa.

Nilimwambia yule fundi maneno haya, kwa Kiswahili hiki hiki: "Nataka sakafu na zile boksi za chini ya milango. Juu usiguse." Juu usiguse! Kuna mtu hapa anaweza kunieleza "juu usiguse" inageukaje kuwa paa la Carina?

Na bado. Nikamuuliza, zile mbavu za kukunjia turubai ziko wapi? Zile fito zenye bawaba zake, ambazo hata Ufaransa kwenyewe utazitafuta kwa tochi. Kanijibu, "Zile zilikuwa na kutu bosi, nikampa kijana wa skrepa." Kampa. Hata hakuuza.

Mwenye kujua wale vijana wa mikokoteni wanaozunguka maeneo yale huwa wanapeleka chuma kwenye mizani ya nani, anisaidie. Fito tano, rangi nyeusi, moja imepinda kidogo. Natoa zawadi.

Kifaurongo:

Nimecheka ofisini mpaka mkuu wa kitengo kauliza kuna nini. Nikamsomea, naye sasa hivi kalala juu ya meza. "Nimeona walikukatia paa." Lete picha mkuu, bila picha hapa hatuondoki.

Pijo_ya_Kigoma:

Hii si ya kucheka kaka. Kachomelea PAA.

MamaWawili:

Pole kaka'angu, na pole ya msiba. Ila mimi niko upande wa fundi. Gari halina paa, masika haya ya Dar, unapita Jangwani maji yametoka chini na juu yanatoka? Kakuonea huruma.

Kifaurongo:

Na kakukopesha paa juu. Fundi gani wa siku hizi anakopesha?

Mzee wa Kabureta:

Mwanangu, acha hao wanaocheka. Nina swali. Milango inafunguka?

Pijo_ya_Kigoma:

Shikamoo mzee. Wa dereva haukufunguka. Kasema bawaba zinataka grisi, nipitie upande wa abiria. Na wa abiria nao ukifunguka haurudi, unagonga kwa chini.

Mzee wa Kabureta:

Marahaba. Nilijua. Na kabla hujasafiri, ulimwona amechomelea nondo kwenye uwazi wa milango, kutoka mbele kwenda nyuma?

Pijo_ya_Kigoma:

Hapana mzee. Nondo za nini?

Mzee wa Kabureta:

Basi sikiliza. Gari lenye paa la chuma, paa nalo linabeba. Gari la kufunuliwa halina hiyo, nguvu yake yote iko chini: sakafu na hizo boksi za chini ya milango. Ukizikata kabla hujalifunga gari kwa nondo, linabonyea katikati. Uwazi wa mlango unabana kwa juu na mlango haufunguki tena. Huyo kijana kakata boksi zote mbili kwa mpigo, gari likazama, akaona njia pekee ni kulivuta kwa juu. Hilo paa hakukuonea huruma. Kafunika kosa.

Pijo_ya_Kigoma:

Mzee umenimaliza. Kwa hiyo lile tabasamu lote... Naenda na grenda yangu usiku huu huu. Nalikata lile paa kwa mkono wangu.

Mzee wa Kabureta:

USIKATE! Hivi sasa hilo paa ndilo linaloshikilia gari lako. Ukilitoa kwa hasira utabaki na nusu mbili. Lihamishe kwanza pale. Liweke juu ya stendi, sakafu iwe sawa, upime kwa kamba kutoka kona hadi kona, kulia na kushoto zilingane. Chomelea nondo za milango. Jenga boksi mpya kwa bati la maana, si la kuezekea. Milango ikishafunguka na kufunga yenyewe, ndipo paa linatoka. La mwisho kabisa.

Pijo_ya_Kigoma:

Kwa hiyo mzee nikae nalo? Miezi yote hiyo nilitazame? Na hela yake ananidai!

MamaWawili:

Si nilisema linasaidia.

Babu Landrova:

Mwanzisha uzi una bahati, wewe umeongezewa. Mimi Landrova yangu 109 bodi ni alumini, kila mtu mwenye akili anajua ni alumini. Nikaipeleka kuzibwa tundu moja la ukubwa wa kiganja. Huyo wa kwangu, naye mnamjua, kapiga kiraka cha bati la chuma, karibeti, kapaka rangi. Mvua mbili tu, alumini yote ya kuzunguka kile kiraka ikageuka unga mweupe. Ukigusa kidole kinaingia. Nimemfuata, kaniambia gari langu lina laana ya ukoo.

Dada wa Vitz:

Laana ya ukoo?? Wangu alisema Vitz yangu inakunywa mafuta kwa sababu naendesha nikiwa na mawazo. Nimelipa elfu themanini kwa jibu hilo.

Kifaurongo:

Tuanzishe uzi wa majibu ya mafundi, huu umeshajaa.

Pijo_ya_Kigoma:

Wakuu turudi kwenye paa. Na zile fito, hakuna aliyeziona?

Mwana_Safari:

Samahani kuingilia, hii 404 ndiyo iliyochukua Safari Rally?

Babu Landrova:

Ndiyo yenyewe, ila ya milango minne. 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati alichukua Bert Shankland, alikuwa wa hapa hapa Tanzania. Ile ya 1968 matope yalizidi, yalifika magari saba tu.

DatsunMilele:

Hizo hadithi za wazee. Datsun ilichukua 1970, 1971, 1973, kisha Shekhar Mehta akachukua minne mfululizo kuanzia 1979. Pijo haina cha kusema mbele ya Datsun.

Babu Landrova:

Pijo 504 ilichukua 1975 na 1978, au miaka hiyo ulikuwa umelala? Na taja Datsun moja tu iliyowahi kubeba abiria tisa na mbuzi kutoka Singida.

DatsunMilele:

Datsun 1200 pikapu imejenga nchi hii. Matofali ya shule niliyosoma yalibebwa na pikapu moja. MOJA.

Mwana_Safari:

Joginder Singh je? Volvo 1965, Lancer 1974 na 1976. Mbona hamumtaji?

Pijo_ya_Kigoma:

Jamani paa langu.

DatsunMilele:

Joginder tunamheshimu, hapa tunazungumzia gari, si dereva. Babu Landrova njoo ujibu la matofali.

Mjomba Carina:

Mwanzisha uzi, nimekutumia ujumbe wa pembeni hujibu. Hilo paa ukishalikata usimpe kijana wa skrepa. Carina yangu iliangukiwa na mnazi Januari, paa limeingia mpaka kwenye siti. Nataka kujua, kalichukua na nguzo za kioo cha nyuma au kalikatia juu ya nguzo?