Duka la kuchezea watoto nyumbani, naanzia wapi?

Wadau, wanangu wa miaka 4 na 6 wanalilia duka la kuchezea, midoli ya kununua bei juu, nitumie nini?

— Dada usinunue kitu. Kreti ya soda ndo kaunta, maboksi ya dawa ya meno na makopo ya majani ya chai ndo bidhaa, mchanga unapimwa kwa kikombe ndo unga, vizibo ndo hela.

— Huyo wa 6 mpe sarafu za kweli, 50, 100, 200, ajifunze chenji. Wangu nilimpa mia mbili ya biskuti akanirudishia mia tatu, duka likafa siku hiyohiyo 😂

— Sarafu ila huyo mdogo umuangalie, wanameza hao.

— Asanteni, tumefungua leo, nishaandikwa kwenye daftari la madeni, sukari robo.