Anaingia chini ya meza kila kadi zikitolewa

MamaKijana: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 4, amechelewa kuongea, na tunampeleka kwenye mazoezi ya kuongea mara mbili kwa wiki. Dakika kumi za kwanza ni malaika. Zikitoka tu kadi za picha, anateleza kwenye kiti kama uji, huyo chini ya meza. Wiki iliyopita nilichoka nikatoa simu: "Toka nikupe katuni." Akatoka. Juzi ameingia chini ya meza kabla kadi hazijatoka, mkono kaunyoosha anadai simu! Nilicheka, kisha nikataka kulia. Nimekosea wapi?

Mtibausemi: Pole mama. Sote tumewahi kununua utulivu, hata sisi wa kazi hii. Kosa si katuni, ni wakati wake. Ikija baada ya kuingia mvunguni, inakuwa mshahara wa kuingia mvunguni. Ahadi itangulie: chora picha mbili kwenye karatasi, kadi kushoto, mapovu ya sabuni kulia, umwambie "kwanza hii, kisha hii". Mwanasaikolojia David Premack alilieleza jambo hili kitaalamu mwaka 1959, ingawa bibi zetu walishasema zamani: oga kwanza, ndipo ukacheze.

Na anzeni na kadi mbili. Si ishirini! Mtoto asiyeweza kutamka anaulizwa "hii nini?" mara ishirini mfululizo, mimi pia ningekimbia. Akikaa, usiseme "vizuri" tu. Mwambie papo hapo alichofanya: "Umekaa, umeangalia picha!" Ukishaacha kumpa simu, tegemea kelele kuzidi kwa siku kadhaa. Ukilegea siku ya kelele kubwa, umemfundisha kwamba kelele kubwa ndiyo inayolipa.

BabaWawili: Wangu yuko kwenye mazoezi ya miguu. Tulikuwa na ubao wa nyota: nyota tano, anarushiwa mpira mkubwa. Siku moja alilia nikamnyang'anya nyota mbili. Aliurusha ubao wote ukutani, na kusema kweli alikuwa na haki. Nyota aliyoivujia jasho ni yake. Pia niliacha kumuuliza "unataka kufanya mazoezi?" maana jibu nalijua. Namuuliza "tuanze na mguu upi?"

MamaKijana: Nimerudi. Leo tumejaribu kadi mbili, kisha mapovu. Aliingia chini ya meza kama kawaida. Simu nimeiacha kwenye begi. Mtaalamu wetu hakumbembeleza. Alikaa kimya, chupa ya mapovu juu ya meza anapoiona. Nilihesabu dakika sita, ndefu kuliko mimba yake. Kisha mtaalamu akaisukuma kadi ya paka hadi ukingoni. Kikatoka kichwa, macho, halafu "pa". Akapuliziwa mapovu hapo hapo sakafuni. Sasa nauliza: hiyo inahesabika? Hakukaa kitini.

Mtibausemi: Inahesabika sana! Tunachofundisha ni mdomo, makalio yatafuata. Kikao kijacho kadi ikae nusu hatua mbali na ukingo, ainuke kidogo kuiona. Na hiyo "pa" iitikieni nyumbani pia, hata akiisemea kuku.

MamaKijana: Anaisemea kila kitu sasa. Hata baba yake ni "pa".