Wakuu, naomba ushauri: mipangilio ya mashine pepe kwenye kompyuta ya RAM GB 8

binti_seva:
Habari zenu wakuu. Nasoma diploma ya TEHAMA hapa Dodoma na muhula huu tuna somo la usimamizi wa seva. Kompyuta za maabara hazitutoshi, kwa hiyo nataka kujitengenezea maabara yangu ndani ya kompyuta niliyonayo. Ni HP ya Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD ya GB 256 iliyobakiza kama GB 70, Windows 11. VirtualBox 7, programu ya kuendeshea mashine pepe, nimeshaiweka.

Nahitaji mashine pepe mbili (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta). Moja iwe Ubuntu Server 24.04 kwa ajili ya Apache (programu ya kutoa kurasa za wavuti) na SSH (ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), nyingine iwe Linux yenye madirisha ya kutumia kama mteja. Zionane zenyewe kwa zenyewe, zipate intaneti ya bando la simu, na ikiwezekana nifungue ukurasa wa Apache kwa simu yangu.

Nimekwama kwenye RAM, idadi ya prosesa, aina ya diski na mtandao. Darasani kila mmoja ananiambia lake. Naomba mnipe na sababu, maana mwalimu anauliza "kwa nini" kuliko anavyouliza "vipi".

fundi_mkongwe:
Karibu dada. Kabla ya yote, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza CPU, utazame palipoandikwa Virtualization. Pakisema Disabled, zima kompyuta, iwashe huku ukigonga F10 (hiyo ni kwa HP; Dell ni F2) uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), uwashe Virtualization Technology. Bila hiyo VirtualBox za sasa hazitaendesha mashine yoyote, na utahangaika bure na mipangilio mingine.

Sasa RAM. Usianze kwa kuuliza mashine pepe inataka kiasi gani, anza na Windows yako. Windows 11 pamoja na kivinjari kilichofunguliwa hula GB 3 mpaka 4 kirahisi. Kilichobaki ndicho cha kugawa. Ukiigawia mashine pepe kupita hapo, Windows itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kila kitu kitakuwa kizito, mwenyeji (Windows) na mgeni (mashine pepe) wote pamoja. Mpe Ubuntu Server MB 2048. Haina madirisha, kwa Apache na SSH inatosha kabisa.

Mteja ndiye tatizo. Ubuntu 24.04 ya kawaida yenye madirisha wenyewe wanashauri GB 4, na wewe huna. Chukua Lubuntu, Ubuntu nyepesi, mpe GB 2 naye. Funga Chrome unapoendesha zote mbili.

kijana_wa_mitandao:
Naunga mkono. Kwenye prosesa, i5 za kizazi hicho za kompyuta mpakato kwa kawaida zina viini vinne halisi ingawa Windows inahesabu nane. Mshale wa VirtualBox utakuruhusu kuvuta mpaka nane, lakini rangi ya kijani inaishia nne kwa sababu hiyo hiyo. Seva ipe kimoja au viwili, mteja viwili. Kuongeza zaidi hakuongezi kasi, kunafanya zigombanie viini na Windows.

mama_data:
Mwanangu, kuna jambo wengi hawalisemi: mipangilio hii haina uzito sawa. RAM, prosesa na mtandao unabadilisha muda wowote mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo hapo usiogope, jaribu. Lakini yapo ambayo ukishasakinisha ni kazi kuyarudia, na macho yako yawe huko.

La kwanza ni diski. Chagua inayokua taratibu, maana faili lake huchukua nafasi kadiri linavyojazwa. Ukiiwekea GB 25 na ndani umetumia 6, kwenye SSD yako litakuwa karibu na hizo 6. Ila haijipunguzi yenyewe ukifuta vitu ndani. Kuongeza ukubwa baadaye kunawezekana, lakini lazima pia upanue patisheni kutoka ndani ya mfumo mgeni. Kuipunguza VirtualBox haikubali. Seva GB 25, mteja GB 25. Na ukitaka kuhamishia faili hizo kwenye diski ya nje, hakikisha si ya FAT32, kwa sababu haipokei faili moja linalozidi GB 4.

La pili ni EFI, njia ya mashine kuwasha mfumo. Ukisakinisha ikiwa imezimwa, iache hivyo. Ukigeuza baadaye mfumo hautawaka.

La tatu nalisisitiza: unapochagua faili la ISO (la kusakinishia mfumo), weka tiki kwenye Skip Unattended Installation. Usipoweka, VirtualBox inaweza kukusakinishia yenyewe na kukutengenezea mtumiaji anayeitwa vboxuser. Nimewaona vijana wengi wakikwama hapo: mtumiaji huyo hana ruhusa ya sudo (amri za msimamizi), na kwenye Ubuntu yenye madirisha hata terminal hugoma kufunguka. Sakinisha kwa mkono wako, ndiyo kujifunza kwenyewe.

kijana_wa_mitandao:
Mtandao sasa. NAT ndiyo inayokuja yenyewe. Inatoa intaneti bila kusumbua, lakini kila mashine imejitenga peke yake. Ukiangalia anwani utakuta zote mbili ni 10.0.2.15, ndiyo maana haziwezi kuonana.

Kila mashine iwekee kadi mbili. Adapter 1 iwe NAT kwa ajili ya intaneti. Adapter 2 iwe Host-only, ambayo kwa kawaida hutoa anwani za 192.168.56, na kompyuta yako yenyewe inakuwa 192.168.56.1. Hapo seva, mteja na Windows wataongea hata bando likiisha. Ziweke zote mbili KABLA ya kusakinisha seva. Kisakinishi kitaziona enp0s3 na enp0s8 na kuziandikia mipangilio yake. Ukiongeza ya pili baadaye, itabidi uingie /etc/netplan (penye faili za mipangilio ya mtandao) uiandike mwenyewe, la sivyo haitapata anwani.

Kuhusu simu, wengi watakwambia Bridged, yaani mashine pepe iingie moja kwa moja kwenye mtandao wako. Kwenye waya ni nzuri sana, lakini kwenye Wi-Fi baadhi ya kadi hugoma. Afadhali uende Port Forwarding ya NAT: mlango 8080 wa kompyuta uelekezwe mlango 80 wa seva. Kwenye simu andika anwani ya Wi-Fi ya kompyuta yako kisha :8080. Ukuta wa Windows ukiuliza, ruhusu.

binti_seva:
Nashukuruni sana, shikamoo mama. Virtualization imeandika Enabled. Nimetengeneza seva kama mlivyosema, ila chini kulia naona kobe wa kijani na inaenda taratibu. Nimesoma mahali kwamba nizime Memory integrity. Ni salama?

fundi_mkongwe:
Kobe huyo maana yake Windows imeshaishika VT-x (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) kupitia Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inapitia mlango wake. Ndiyo, ukizima Memory integrity, Hyper-V na Virtual Machine Platform kisha ukawasha kompyuta upya, mara nyingi kobe anaondoka. Lakini WSL2 (Linux ya ndani ya Windows) itaacha kufanya kazi.

mama_data:
Marahaba mwanangu. Mimi sikubaliani na kukimbilia kuzima. Memory integrity ni ulinzi wa kompyuta unayofanyia mambo yako yote, na wewe mwanafunzi unapokea flashi za watu kila siku. Seva isiyo na madirisha inavumilika hata kobe akiwepo. Maliza kusakinisha kwanza, upime. Ikishindikana kabisa, anza kwa kuzima Hyper-V na Virtual Machine Platform, na ulinzi uuguse mwisho.

Na umeme ukiyumba huko, usizime mashine pepe kwa kufunga kifuniko. Bonyeza alama ya kufunga, uchague Save the machine state. Chukua snepshoti (picha ya hali ya mashine) mara tu baada ya kusakinisha, kabla hujagusa Apache, upate pa kurudi. Ila snepshoti si nakala ya akiba, inategemea faili lile lile la diski. Nakala ya kweli ni Export Appliance, faili la OVA, ulihifadhi kwenye diski ya nje.

binti_seva:
Nimeelewa mama, ulinzi nimeuacha. Ukurasa wa Apache umefunguka kwenye simu kwa 8080. Ila mteja anaiona seva kwa ping ya 192.168.56.101, na leo nilipowasha nimekuta anwani imebadilika. Nifanyeje ibaki moja?

kijana_wa_mitandao:
Hizo zinatolewa na DHCP (mgawaji wa anwani) ya Host-only kuanzia 101 kwenda juu. Kwenye netplan ya seva, enp0s8 iandikie dhcp4: false na addresses: [192.168.56.10/24]. Usiiwekee gateway (njia ya kutokea nje), intaneti inapita enp0s3. Kisha sudo netplan try, ambayo inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe usipothibitisha.