Re: Re: Ukuta umelowa tena, fomu ya hausing nisaini?

Mama Nasra (Bolton)
Assalaam alaykum wapendwa, naomba msaada wa haraka. Ukuta wa chumba cha nyuma umelowa tena, karatasi imebanduka inaning'inia, na nyuma ya kabati la watoto ukungu mweusi umepanda mpaka dirishani, huyu wangu mdogo analala na pampu ya pumu chini ya mto. Nimewapigia ripeyaz, watu wa matengenezo wa wenye nyumba, wee mpaka muziki wao wa kusubiri nimeuhifadhi. Juzi kaja kijana na kimashine cha pini mbili, kachoma ukuta kikalia piii, kaandika "kondenseshoni", yaani mvuke wa ndani unaogeuka maji ukutani, eti tunapika sana na tunaanika nguo ndani. Sasa wameleta fomu, watapaka dawa ya ukungu halafu nisaini kazi imekwisha. Nikisaini si ndo nimefunga kesi mwenyewe?

Abuu Twalha (Northampton)
Wa alaykum salaam. Dada usibishane nao, nenda kaunsili uwaite Environmental Health, maafisa wa afya ya mazingira, waje na HHSRS yao, kile kipimo cha hatari za nyumba. Mwenye nyumba wangu alikuwa mkaidi kweli, afisa wao alipoandika kategori 1 tu, yaani hatari kubwa, feni mpya za jikoni na bafuni hizo. Na trickle vents, vile vitundu vya hewa juu ya madirisha, zifungue, watu wetu wanaziziba kwa selotepu wakikimbia baridi halafu wanalalamika.

Mwalimu (Cardiff)
Abuu Twalha punguza kasi. Nyumba ikiwa ya kaunsili yenyewe, kaunsili haiwezi kujipelekea notisi, na Mama Nasra hajasema yake ni ipi. Halafu kabla ya feni muulize ukuta unalowa LINI. Mvuke wa jikoni unakimbilia penye baridi, kwenye kona, vioo, nyuma ya kabati. Lakini ukiona mabaka katikati ya ukuta kila baada ya mvua ya upepo, hilo si jungu la maharage. Kuta hizi ni mbili, tofali la nje na la ndani, katikati uwazi wa sentimita 5 mpaka 7 hivi, na uwazi ule uliachwa makusudi ili maji yakipenya tofali la nje yateremke yasifike kwako. Baadaye wakaja watu wa CERT na ECO, mipango ya serikali ya kuzuia baridi majumbani, na madrili yao, bure bure, wakajaza pamba ya kuzuia baridi kwenye uwazi ule, hata huku magharibi ambako mvua inapiga kwa ubavu. Pamba ikiwekwa ovyo, au chini kukiwa na makombo ya simenti walioacha mafundi, maji yanapata daraja. Dada toka nje uangalie kama kuna vitobo vilivyozibwa kwa simenti, vya ukubwa wa sarafu.

Mama Nasra (Bolton)
Vipo! Vimepangana kabisa, miaka yote nilidhani ndo urembo wa nyumba. Na kweli unalowa ikija ile mvua ya upepo. Ni hausing asosiesheni, lile shirika la nyumba za kupangisha, si kaunsili, Mwalimu. Fomu wanaifuata Alhamisi.

Bint Baraka (London)
Basi waombe cheti cha CIGA, wale wanaodhamini kazi ya pamba ya ukutani, garantii ni miaka 25 na inafuata nyumba, si mtu. Ila wale mawakili wa kugonga milango, "usiposhinda hulipi", waogope. Ile kampuni ya mawakili ya Sheffield, SSB Law, ilipofilisika mwanzoni mwa 2024 wenye nyumba walianza kuletewa bili za gharama za kesi za upande wa pili. Kaka yangu alibakisha saini tu aingie.

Abuu Twalha (Northampton)
Mnazunguka tu. Kuna sheria ya Awaab, tangu 27 Oktoba 2025, hausing wana siku 10 za kazi kuja kuchunguza, wakikuta hatari kubwa siku 5 za kazi waiondoe, dharura ni saa 24. Awaab mwenyewe alikuwa mtoto wa hapo Rochdale, jirani yako dada, miaka miwili tu, akafa kwa ukungu wa nyumba Desemba 2020. Na wazazi wake walisingiziwa hayo hayo ya "namna mnavyoishi".

Mwalimu (Cardiff)
Sheria hiyo ni ya England, andika hivyo, wengine tuko Wales na tuna sheria yetu ya upangaji, Renting Homes. Na Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, hakupokei mpaka umalize stage 1 na stage 2, zile ngazi mbili za malalamiko za hausing wenyewe.

Mzee wa Malindi (Reading)
Wanangu, nyumba ya babu yangu Unguja ilikuwa ya mawe na chokaa, kuta nene, maji yanaingia na yanatoka, na juu ya milango matundu ya hewa, hakuna aliyejua feni. Walipokuja kupiga lipu ya simenti juu ya chokaa ndo kuta zikaanza kutoa chumvi na kumomonyoka. Hata Beit al Ajaib, lile jumba la kifalme la Unguja, imeanguka Desemba 2020 mikononi mwa waliokuwa wakiikarabati, na pesa za Oman zipo!

Abuu Twalha (Northampton)
Shikamoo mzee, ila jengo lile lilishachoka toka zamani, lilitelekezwa miaka, na nani alilitelekeza unajua.

Mzee wa Malindi (Reading)
Marahaba. Mtaje basi, mbona unamung'unya maneno?

Abuu Twalha (Northampton)
Mzee mwezi wa saba naenda nyumbani, usinitafutie makubwa.

Bint Baraka (London)
Siasa pelekeni WhatsApp. Kuna mwenye dihumidifaya, ile mashine ya kukausha hewa, ya kuazima? Ya lita 12 inatosha, nitaipitia Jumapili nikitoka arusi ya Slough.