Timu ya mji mdogo na mwaka wake wa kuzaliwa: tunauthibitishaje?

Beki Tatu

Hamjambo wadau. Timu yetu iko ligi ya kaunti, mji mdogo wa barabarani upande wa Luanda na Maseno, magharibi mwa Kenya. Kamati imeamua historia ya klabu iandikwe sasa, maana wazee walioichezea mwanzo wamebaki wachache. Tumekwama kwenye ukurasa wa kwanza. Wazee wanasema timu ilikuwako kabla ya uhuru. Cheti tulicho nacho ni cha miaka ya themanini, tena kina jina ambalo wazee hao hawalitumii kabisa. Vijana nao wanataka jezi mpya ziandikwe "Tangu" na mwaka, na anayechapisha anapiga simu kila siku.

Naomba kujua: mwaka upi ndio wa kweli? Matokeo ya ligi za chini huwekwa wapi, kwa sababu mtandaoni ukishuka chini ya Ligi Kuu hupati kitu? Halafu kuna bahasha ya picha na kitabu cha risiti ambacho mchwa wamekula pembeni. Hivyo tuvifanyeje?

Daftari la Kamati

Mwambie mchapishaji aache hiyo sehemu wazi kwanza. Mnachanganya mambo matatu, na kila moja lina mwaka wake: vijana walipoanza kucheza kwa jina moja, klabu ilipoandikishwa, na jina lilipobadilishwa. Andikeni yote matatu, kila moja na ushahidi wake. Klabu nyingi huchagua moja, kisha miaka ishirini baadaye wajukuu wanagombana.

Cheti cha themanini chenye jina geni hakinishangazi. Kuelekea 1980 serikali ilikataza majina ya kikabila kwenye vyama na vilabu. Abaluhya FC ikawa AFC Leopards mwaka 1980, na hizo herufi zikapewa maana ya All Footballers Co-operative. Luo Union ikawa Re-Union. Kama jina la wazee wenu lilikuwa la kabila au la jamii ya eneo, basi huenda mlicho nacho ni cheti cha kubadili jina, na kuzaliwa kwa timu kuko nyuma zaidi.

Namna ya kuhakikisha: kabla ya Sheria ya Michezo ya 2013, vilabu viliandikishwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Angalieni namba ya faili kwenye cheti. Andikeni barua yenye sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambatanisheni nakala ya cheti na kumbukumbu za kikao kilichoamua, kisha ombeni vitu vitatu kwa majina yake: katiba ya kwanza iliyowasilishwa, taarifa ya kubadili jina, na ripoti za kila mwaka. Mkiandika tu "tunaomba historia ya klabu yetu" hakuna karani atakayejua achomoe karatasi ipi. Ripoti za mwaka ndizo zenye utamu, kwa sababu zinataja viongozi. Mkiona mtu yuleyule ni katibu chini ya jina la zamani na chini ya jina jipya, mnyororo umeungana.

Na jihadharini na cheti cha Msajili wa Michezo. Tarehe yake ni ya kujiandikisha upya chini ya sheria ya 2013, wala haisemi lolote kuhusu mwanzo wa timu.

Msoma Faili

Naongezea upande wa kabla ya uhuru, kwa sababu watu wengi hurudi mikono mitupu kwa kutafuta majina ambayo wakati ule hayakuwepo. Ukiuliza "Vihiga" kwa mambo ya miaka ya hamsini hupati wilaya hiyo. Ilikatwa kutoka Kakamega mwaka 1990. Mkoa wa Magharibi wenyewe ni wa 1963. Kabla ya hapo Luanda na eneo zima la Bunyore vilikuwa ndani ya Nyanza. Wilaya iliitwa North Kavirondo hadi 1948, kisha North Nyanza. Maseno ilikuwa Central Kavirondo, baadaye Central Nyanza.

Mji wenu umekaa mpakani, kwa hiyo tafuteni pande zote mbili. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue Nairobi, faili za North Nyanza huanza na DC/NN. Za Central Nyanza ni DC/CN, pia kuna DC/KSM za Kisumu, na ofisi ya mkoa ni PC/NZA. Msianze na faili za michezo. Anzeni na ripoti za mwaka za wilaya, mfungue kurasa za mwisho, mambo ya ustawi na burudani. Kisha mabaraza ya wilaya, yaliyoitwa Local Native Council hadi 1950 na African District Council baada ya hapo. Someni kumbukumbu za vikao na bajeti mkitafuta neno la kiwanja. Timu inaweza isitajwe hata mara moja, lakini pesa za kusawazisha uwanja au kununua milingoti ya goli zikitajwa, mmepata tarehe ambayo hakuna atakayebishana nayo.

Nendeni na penseli, kalamu ya wino haitakiwi mle ndani. Namba ya faili iandikwe juu ya kila karatasi mnayonakili, hata kama ni sentensi moja, la sivyo mtarudi tena kuitafuta. Faili isiyotimiza miaka 30 kwa kawaida haijafunguliwa kwa umma.

Magazeti: Baraza lilianza 1939 na lilikuwa la Kiswahili, la kila wiki. Nation na Taifa Leo zinaanza kutoka kila siku 1960. Kwa magazeti ya kila siku, someni ya Jumatatu na Jumanne tu, mechi za wikendi ziko humo. Jina la timu huandikwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo tafuteni pia kwa jina la mji na la mpinzani.

Jambo moja zaidi. Ligi ya taifa ilianza 1963. Mzee akisema mlicheza "ligi ya Kenya" kabla ya hapo, msimkatalie wala msiandike hivyo. Muulizeni mpinzani alikuwa nani na walisafiri hadi wapi. Pengine ni mashindano ya wilaya au ya shule za misheni.

Jukwaa la Afraha

Kutoka Nakuru: jina moja halimaanishi klabu moja. Nakuru All-Stars ndio mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, 1963, wakachukua tena 1969. Jina hilo liliporudi Ligi Kuu katikati ya miaka ya 2010, kuna wakati lilibeba chapa ya mdhamini likawa Top Fry AllStars. Mtu akitaka kuunganisha ile ya 1969 na hii, lazima aonyeshe viongozi, mali au usajili uliopita mkono kwa mkono. Jina, rangi na uwanja peke yake havitoshi. Kama timu yenu ilikufa miaka kadhaa ikafufuliwa, andikeni hivyo waziwazi, na mwaka wa kufufuliwa pia. Hakuna aibu yoyote hapo.

Beki Tatu

Asanteni sana. Kuna kipande cha gazeti tumepata kwa familia ya mchezaji mmoja, cha mwanzoni mwa sitini, kina matokeo ya timu iitwayo Bunyore. Wengine hapa wanasema ndio sisi hao. Je, tukitumie?

Msoma Faili

Hapana, bado. Angalieni mechi ilichezwa wapi. Miaka ile wafanyakazi waliotoka magharibi walikuwa na timu zao Nairobi, na waliziita kwa majina ya nyumbani: Marama, Kisa, Tiriki, Bunyore, Samia. Hizo ndizo zilizoungana 1964 zikawa Abaluhya United. Kwa hiyo "Bunyore" kwenye gazeti la Nairobi, ikicheza Nairobi dhidi ya timu za Nairobi, ni ya watu wa kwenu walioko kazini huko, na wala si timu ya mji wenu. Mchezaji mmoja angeweza kuchezea zote mbili: Nairobi mwaka mzima, nyumbani Disemba. Huyo mwandikeni kwa jina lake, ila matokeo msiyachukue.

Kibendera

Matokeo ya ligi za chini. Kila mechi huwa na fomu ya wachezaji na ripoti ya refa, na nakala hubaki kwa aliyesimamia ligi. Shida ni kwamba ofisi za matawi hazina makabati ya kudumu. Uchaguzi ukipita, katibu anayeondoka huondoka na masanduku. Kwa hiyo msipoteze nauli kwenda ofisi ya leo kutafuta mambo ya 1985. Tafuteni nyumbani kwa waliokuwa makatibu wa ligi, na kwa marefa wa zamani. Refa aliyekuwa makini alikuwa na kijitabu chake: tarehe, uwanja, timu, mabao, kadi. Katika yote yatakayowafikia, hicho ndicho kitabu cha kuaminiwa kuliko vingine, kwa sababu hakuwa shabiki wa upande wowote.

Mkipata jedwali la zamani, lihesabuni kabla ya kulichapisha. Jumla ya mabao ya kufunga ya timu zote lazima ilingane na jumla ya kufungwa. Isipolingana, kuna mechi iliyosahauliwa au iliyoamuliwa mezani bila kuchezwa. Pia angalieni pointi za ushindi: timu iliyoshinda mechi 10 na kutoka sare 4 ikiwa na pointi 24, basi ushindi ulikuwa pointi 2, ikiwa na 34, ulikuwa 3. Jedwali la pointi 2 liacheni vilevile. Mkiligeuza, bingwa anaweza kubadilika na mtakuwa mmemnyang'anya mtu kombe.

Timu kujiondoa katikati ya msimu ndiko kunakovuruga zaidi, maana matokeo yake yote hufutwa. Hata juu kabisa hutokea: msimu wa 2019/20 SoNy Sugar ya Awendo iliondolewa Ligi Kuu baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, matokeo yakafutwa, ligi ikabaki na timu 17. Huko chini sababu huwa nauli. Ndiyo maana mzee anakumbuka wazi mliifunga timu fulani mabao manne, na jedwali linasema hamkukutana nayo. Wote wawili wanasema kweli.

Msimu usiopatikana kabisa, kagueni kwanza kama soka yenyewe ilikuwa imesimama. FIFA iliifungia Kenya 2004, 2006, na tena kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Msimu wa 2019/20 nao ulikatizwa na korona.

Makombe ya Disemba wekeni sura yake peke yake. Ya fahali kwa mshindi na mbuzi kwa wa pili hayana jedwali popote, lakini kwa timu nyingi za kwetu ndiko heshima ilikopatikana. Kuyachanganya na ligi ndiko kunakozaa "ubingwa" usioonekana kwenye karatasi yoyote.

Daftari la Kamati

Nirudi kwa wazee, maana hao hawangoji. Msiwaulize "mwaka gani". Mtu atawapa mwaka kwa heshima tu, ili msiondoke bure. Muulizeni nani alikuwa kipa, jezi zilikuwa rangi gani na zilishonwa wapi, mlikwenda kwa lori la nani. Kisha funganisheni na jambo ambalo tarehe yake inajulikana: kabla au baada ya bendera kupandishwa 1963? Mboya alipouawa Julai 1969 ulikuwa bado unacheza? Kenyatta alipofariki Agosti 1978? Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982? Gor Mahia walipoleta kombe la Afrika 1987? Kwa maswali matano ya namna hiyo mtapata dirisha la miaka miwili mitatu, na dirisha la kweli linafaa kuliko mwaka mmoja wa kubahatisha.

Waulizeni mmoja mmoja. Mkiwakalisha pamoja, mwenye sauti ndiye atakayeandika historia. Rekodini kwa simu baada ya kuomba ruhusa, na mwanzoni mwa rekodi mtaje jina la mzee, mahali na tarehe ya leo. Na mkienda, mwende na mtu wa rika linalostahili kumuuliza mzee. Kijana wa miaka kumi na tisa akianza "Guka, mlifungwa ngapi?" atapewa chai na salamu tu.

Sanduku la Bati

Picha na kitabu cha risiti. Picha zilizogandishwa kwenye albamu msizibandue kwa kucha. Pitisheni uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya picha na karatasi, polepole, mkiuvuta huku na huku kama msumeno. Ikikataa, iachwe, ipigwe picha hapohapo. Mkipata skana, wekeni dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) na mhifadhi kama TIFF, faili isiyopunguza ubora, kisha nakala ndogo ya JPEG ya kutuma WhatsApp. Bila skana, simu inatosha: picha iwe juu ya meza kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na simu iwe sambamba na meza. Pigeni mbele na nyuma. Nyuma ndiko kuliko muhuri wa studio, na mara nyingi majina.

Someni kila kitu kilichomo pichani. Bango likisema "wilaya" au "kaunti" limejitaja umri wake, maana kaunti zimeanza kazi 2013. Mpira wa vipande vyeusi na vyeupe ulisambaa baada ya Kombe la Dunia la 1970, ila mpira wa kahawia hauthibitishi kwamba picha ni ya kabla. Timu za vijijini zilitumia mpira hadi ukapasuka.

Kadi za wachezaji zenye namba za kitambulisho zifunikeni kabla ya kuweka chochote mtandaoni, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi.

Kitabu cha risiti kitoeni nje mkipapase kwa brashi laini ya rangi, mchwa na udongo vitoke. Msikianike juani na msikifunge ndani ya nailoni, joto la huku litaleta ukungu. Kiviringisheni kwa karatasi nyeupe, kiingie sanduku la bati, sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta.

Halafu pigeni picha kila nakala ya risiti iliyobaki humo, hata ya machungwa ya mapumziko. Katika zile za viingilio na za kukodi gari kuna tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa. Zikipangwa kwa tarehe, mtaona Jumamosi zote mlizosafiri na zile mlizokuwa nyumbani, yaani ratiba ya msimu mzima. Upande walioula mchwa ni upi? Kama ni wa kulia, majumla yamepotea lakini tarehe mnazo.

Beki Tatu

Ni wa kulia. Tarehe zote zinasomeka.