Naomba ushauri: vijana nianze kuwaonyesha nini Sainte-Marie?

Habari zenu wakuu. Naishi Ontario, Kanada. Nimeombwa niwapeleke vijana wetu wa parokia Sainte-Marie, Midland, misheni ambayo Wajesuiti waliianzisha mwaka 1639 katika nchi ya Wawendat (wenyeji wa asili wa eneo hilo, walioitwa pia Wahuroni), kisha wakaichoma kwa mikono yao mwaka 1649.

Majengo ya leo yamejengwa upya kufuatia uchimbaji wa wanaakiolojia Kenneth Kidd (1941–1943) na Wilfrid Jury (1947–1951). Jury aliona mitaro akasema ni mfereji wa mitumbwi. Wataalamu wengine wakampinga. Niwaelezeje vijana kwamba sehemu kubwa ya kilichobaki ardhini ni madoa meusi ya nguzo za mbao za zamani, na ukuta wanaoushika ni tafsiri ya mtu?

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Kaburi la Padri Brébeuf, Mjesuiti wa misheni hiyo, lilipatikana hapo mwaka 1954, pamoja na bamba la madini ya risasi lenye jina lake. Miaka hiyohiyo ya misheni, ndui na maradhi mengine yaliua takriban nusu ya Wawendat. Sitaki vijana warudi wakiwajua mapadri tu, wakati wazao wa Wawendat wapo hadi leo kule Wendake, Quebec.

Waliowahi kuongoza ziara kama hii, nianzie kaburini au kwenye nyumba ndefu ya magome ya miti, ya mtindo wa Wawendat?